Kifuko cha Maji Kwenye Figo: Mwongozo Kamili wa Kutambua Uvimbe kwa Picha

Mtu amekwenda kupimwa kwa sababu ya maumivu ya tumbo, na chanzo cha maumivu kikapatikana mahali pengine kabisa. Anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "kifuko cha maji, figo ya kushoto, sentimita 4". Hakuwa akihisi chochote kwenye figo. Sasa hapati usingizi. Vifuko hivi, ambavyo hospitalini huitwa sisti, hukutwa mara nyingi kwa watu waliovuka miaka 50, na vingi havina madhara. Vichache ni saratani iliyojificha ndani ya maji. Mwongozo huu ni kwa daktari kijana na mpiga picha za radiolojia, lakini mgonjwa anayetaka kuielewa ripoti yake naye ataufuata bila shida.

Nianze na jambo linalobeba mengine yote. Ukubwa wa kifuko hausemi mengi. Sisti ya sentimita 12 inaweza kuwa maji matupu, na ya sentimita 2 ikawa na kinundu cha saratani ukutani. Tunachokitafuta ni nyama hai. Nyama hai hulishwa na mishipa ya damu, na dawa ya kontrasti ikidungwa mshipani husafiri na damu hiyo hiyo. Kinachopokea dawa kiko hai. Maji, usaha na damu iliyoganda havipokei. Hatua zote zinazofuata ni namna mbalimbali za kuuliza swali hilo moja.

Kabla ya kuwasha mashine

Uliza kwanza. Je, kuna damu kwenye mkojo? Homa na maumivu ya ubavu? Mgonjwa alianguka au kugongwa karibuni? Yuko kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine? Kuna ndugu mwenye figo zilizojaa vifuko, au mwenye ugonjwa wa von Hippel-Lindau, ugonjwa wa kurithi unaoleta vifuko na uvimbe kwenye figo? Kila jibu hubadilisha maana ya picha ile ile. Kifuko chenye ukuta mnene kwa mtu mwenye homa huenda ni jipu. Kwa mtu aliye kwenye dialisisi miaka mingi, ukuta huo huo unatia hofu ya saratani, kwa kuwa figo zilizochoka huota vifuko na baadhi ya vifuko hivyo huzaa uvimbe.

Tafuta picha za zamani, hata kama zilipigwa kwa ugonjwa mwingine. Nimeona mara nyingi mjadala mrefu ukimalizwa na diski moja iliyokuwa imesahaulika kabatini.

Kisha angalia uwezo wa figo. Pale kasi ya uchujaji, ile inayoandikwa eGFR, inaposhuka chini ya 30, dawa ya kontrasti yenye ayodini hutolewa kwa tahadhari na baada ya kupima faida na hasara. Mgonjwa mwenye eGFR ya chini kiasi hicho anayetumia metformin, dawa ya kisukari, husimamishiwa kidonge hicho kwa saa 48 baada ya dawa, kisha figo hupimwa upya. Uliza pia kama aliwahi kupata mzio wa dawa hizi, na kwa mwanamke, kama ni mjamzito.

Hatua ya 1: altrasaundi, ifanywe kwa uvumilivu

Altrasaundi haina mionzi na ndiyo mlango wa kwanza kwa wengi. Tumia probu (kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi) pana yenye uso wa mviringo, kwa kawaida ya megahezi 2 hadi 5. Mlaze mgonjwa chali, kisha ubavu, mwambie avute pumzi na kuishika. Figo hushuka pamoja na pumzi na kutoka chini ya mbavu, na sehemu ya juu ya figo ya kushoto mara nyingi huonekana vizuri kwa njia hiyo tu.

Sisti ya kawaida hutambulika kwa alama tatu zikikutana. Ndani ni nyeusi tii, bila mwangwi wowote. Ukuta ni mwembamba na laini, na umbo ni la duara au yai. Nyuma yake kunaonekana mng'ao, kwa sababu sauti imepita kwenye maji bila kupoteza nguvu. Zikiwepo zote tatu, kazi imekwisha: hakuna haja ya CT (picha za vipande vya mwili kwa mionzi), hakuna haja ya kurudi kila mwaka. Alama moja ikikosekana, usiandike "sisti ya kawaida" kwa kumridhisha mgonjwa.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na mengi ni ya mkono. Ukiongeza mno nguvu ya kupokea mwangwi, maji safi yatajaa vumbi la uongo; ukiipunguza mno, viambaza vyembamba, yaani kuta zinazogawa kifuko kwa ndani, vitapotea na kifuko cha kutisha kitaonekana kisafi. Ukuta wa mbele, ulio karibu na probu, huwa na ukungu wa mwangwi unaojirudia. Badilisha pembe. Kitu cha kweli hubaki mahali pake, na ukungu huhama.

Washa Doppler kila mara, hata pale unapodhani huihitaji. Mshipa wa ateri uliofura unaweza kuonekana kama kifuko cheusi kisicho na hatia, na sindano ikichomwa humo ni balaa. Doppler huonyesha damu ikizunguka ndani. Jambo la pili: ukishusha kipimo cha kasi, unaweza kuona damu kwenye kiambaza au kinundu, na hiyo ni habari nzito. Usipoiona, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa mishipa midogo hukwepa Doppler ya kawaida.

Kuna altrasaundi ya aina nyingine inayotumia dawa ya vipovu vidogo mno vya gesi. Vipovu hivyo hubaki ndani ya mishipa, hutoka kupitia mapafu, na haviisumbui figo. Kwa mgonjwa ambaye figo zake haziwezi kubeba dawa ya ayodini, hii ni njia nzuri sana mahali inapopatikana. Ina tabia moja ya kukumbuka: ni kali kuliko CT katika kuonyesha viambaza, kwa hiyo kifuko kile kile kinaweza kuonekana kibaya zaidi kuliko kilivyoonekana kwenye CT.

Hatua ya 2: CT yenye awamu zaidi ya moja

CT ya mara moja, dawa ikiwa tayari imeingia, haijibu swali letu. Ukiona kitu kina mng'ao wa 50 kwa kipimo cha CT, nitakachokieleza hapa chini, utajuaje kama kimepokea dawa au kilikuwa 50 tangu mwanzo kwa sababu ya damu ya zamani? Lazima upige kabla ya dawa na baada yake, kwa mipangilio ile ile ya mashine, ukitumia vipande vyembamba visivyozidi milimita 3.

Awamu ya kwanza haina dawa. Ya pili hupigwa takriban sekunde 30 hadi 40 baada ya kudunga, ganda la nje la figo linapong'aa peke yake. Ya tatu, karibu sekunde 100, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa figo nzima imeng'aa sawasawa na uvimbe hauna pa kujificha. Katika awamu ya pili uvimbe mdogo wa katikati ya figo unaweza kupotea kabisa dhidi ya sehemu ya ndani ambayo bado haijang'aa. Awamu ya mwisho, dakika kadhaa baadaye dawa inaposhuka na mkojo, si ya kila mtu. Ipige ukihisi kwamba "kifuko" hicho ni mfuko wa njia ya mkojo, kwani huo utajaa dawa mbele ya macho yako.

Sasa pima. Kipimo cha CT kimepewa jina la mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack. Kwa kipimo hicho maji ni 0 na hewa ni −1000. Kifuko cha maji mepesi husoma kati ya −9 na 20. Kikishuka zaidi ya hapo, fikiria mafuta, na mafuta ndani ya uvimbe wa figo hutupeleka kwenye jamii nyingine kabisa. Kabla ya dawa, kifuko kinachosoma 70 au zaidi, sawasawa pande zote, kwa kawaida kina damu ya zamani au protini nyingi, si saratani. Vyenye mashaka ni vilivyo kati ya 20 na 70.

Weka duara la kupimia katikati, liwe kubwa kadiri kifuko kinavyoruhusu, mbali na ukuta na chokaa (madini ya kalsiamu yaliyoganda), na lirudi mahali pale pale katika kila awamu. Chukua mifano mitatu. Kifuko kimesoma 18 kabla na 24 baada: kimepanda 6, hakikupokea dawa. Kingine kimetoka 30 hadi 62: kimepanda 32, kuna nyama hai. Cha tatu kimetoka 25 hadi 38, yaani 13. Hapo usilazimishe jibu. Kupanda kwa 20 au zaidi ni uthibitisho, chini ya 10 ni hapana, na katikati ni eneo la kutafuta kipimo kingine, MRI (picha za sumaku zisizo na mionzi) au altrasaundi ya vipovu.

Kwa nini mpaka uwe mkali hivyo? Kwa sababu kifuko kidogo kilichozungukwa na figo inayong'aa sana hupandishwa namba na mashine yenyewe. Maji hayajapokea chochote, ila hesabu za mionzi zimepotoka. Kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo na kuzama ndani ya figo, ndivyo uongo huu unavyokua.

Namba hizi ni za kifuko kilicho sawa ndani. Kwa kiambaza cha milimita 1 duara halitoshei. Hapo tunalinganisha kwa macho, awamu kwa awamu, picha zikiwa sambamba.

Hatua ya 3: MRI, pale CT inapokwama

Siipeleki kila sisti kwenye MRI. Naihitaji kwa mambo matatu hasa: namba za CT zimeangukia kwenye mashaka, kifuko kimejaa chokaa nene linaloficha kilicho nyuma yake, au mgonjwa ni kijana ambaye atapigwa picha nyingi na ninataka kumpunguzia mionzi.

MRI hupiga picha za aina mbalimbali, zikiwemo T1 na T2. Maji mepesi hung'aa sana kwenye picha za T2 na kuwa meusi kwenye T1. Damu ya zamani na protini hung'aa kwenye T1 hata kabla ya dawa, na hapo jicho hudanganyika kwa urahisi: kitu kilichong'aa tangu mwanzo kinaonekana kana kwamba kimepokea dawa. Suluhisho la tatizo hili ni picha za kutoa, ambapo kompyuta huondoa picha ya kabla kutoka ile ya baada. Kinachobaki kiking'aa ndicho kilichopokea. Mgonjwa lakini lazima ashike pumzi mahali pale pale mara zote mbili. Asipofanya hivyo figo hazitalingana, na kingo za kifuko zitang'aa kwa uongo. Ukipima kwa namba, ongezeko la mwanga la asilimia 15 au zaidi huhesabiwa kuwa la kweli.

MRI haioni chokaa vizuri. Kwa uamuzi wetu hilo si hasara kubwa, kwa sababu chokaa peke yake haimfanyi mtu kuwa na saratani.

Hatua ya 4: kuweka kifuko kwenye daraja lake

Mwaka 1986 Morton Bosniak, mtaalamu wa radiolojia wa New York, alipendekeza madaraja manne ya vifuko vya figo. Baadaye likaongezwa daraja la IIF, herufi F ikisimama kwa ufuatiliaji, na mwaka 2019 mfumo ukarekebishwa upya, ukawekewa vipimo vya milimita na kuingiza MRI. Andika kwenye ripoti ni toleo gani umetumia.

Kabla ya kutoa daraja, hakikisha kwanza kitu chenyewe kinastahili. Mfumo huu ni wa uvimbe ambao sehemu inayopokea dawa ni chini ya takriban robo ya uvimbe wote. Uvimbe wa nyama uliooza katikati na kujaa maji si sisti, na ukiupa daraja utampotosha daktari wa upasuaji.

Daraja la I ni maji mepesi na ukuta mwembamba usiozidi milimita 2, bila viambaza wala chokaa. Daraja la II linaruhusu viambaza vyembamba kimoja hadi vitatu, chokaa ya aina yoyote, na vifuko vya damu ya zamani vilivyo sawa ndani na visivyopokea dawa. Humo pia huingia kifuko kilichoonekana kwa bahati kwenye CT ya mara moja yenye dawa, kikasoma 21 hadi 30 sawasawa kote. Usimrudishe mtu huyo kwenye mashine. Hatari ya saratani katika madaraja haya mawili ni karibu na sifuri, na hayahitaji ufuatiliaji.

IIF ni pale ukuta au kiambaza kinachopokea dawa kimefika milimita 3 na bado ni laini, au viambaza vyembamba vimefika vinne na kuendelea. Kwenye MRI, kifuko kinachong'aa kwa mabaka kwenye T1 nacho huwekwa hapa. Vilivyo vingi katika daraja hili si saratani.

Daraja la III huanza ukuta au kiambaza kinachopokea dawa kinapofika milimita 4, au kinapokuwa na matuta madogo yasiyozidi milimita 3 yanayopanda taratibu. Karibu nusu ya vile vinavyofanyiwa upasuaji hukutwa ni saratani, na nusu nyingine siyo. Hakuna daraja linalonikosesha raha kama hili, kwa kuwa ripoti yangu inaweza kumpeleka mtu asiye na saratani kwenye kisu.

Daraja la IV lina kinundu kinachopokea dawa. Tofauti yake na tuta la daraja la III iko kwenye umbo. Kama kimechomoza kwa pembe kali, kama uyoga juu ya gogo, ni kinundu hata kiwe kidogo namna gani. Kama kimepanda kwa mteremko, kama kilima, kihesabu kuwa kinundu kikifika milimita 4. Karibu tisa kati ya kumi ni saratani.

Altrasaundi ya kawaida haimo kwenye mfumo huu. Ripoti ya altrasaundi isiyo na dawa inayotamka "Bosniak III" imesema zaidi ya kile mashine ilichoona.

Wanaojifanya uvimbe, na uvimbe wanaojifanya kitu kingine

Jipu lina ukuta mnene unaopokea dawa na mafuta ya pembeni yaliyovurugika. Tibu, kisha piga tena. Damu iliyovuja baada ya ajali hupungua kwa wiki kadhaa. Vifuko vilivyo kwenye kitovu cha figo hufanana na figo iliyotanuka kwa mkojo ulioziba. Awamu ya mwisho ya CT huvitenganisha, kwa sababu dawa hupita kando yavyo bila kuingia.

Kwa upande wa uvimbe wenyewe, picha haitaji jina kwa uhakika kila mara. Uvimbe wa vyumba vingi kwa mwanamke wa umri wa kukaribia kukoma hedhi unaweza kuwa wa jamii ya mchanganyiko wa utando na stroma (tishu ya kushikilia), usio saratani, na ukafanana kabisa na saratani ya seli angavu yenye vifuko. Kuna pia uvimbe wa vyumba vingi ambao Shirika la Afya Duniani liliubadilishia jina mwaka 2016 na kuondoa neno saratani, kwa sababu tabia yake ni ya upole mno. Kwa watoto mambo ni mengine: madaraja haya yalijengwa kwa watu wazima, na kifuko cha vyumba vingi kwa mtoto mdogo kinapaswa kufika kwa timu ya saratani za watoto bila kupitia hesabu hizi.

Vipi kuhusu kuchukua kipande kwa sindano? Kwenye kifuko, sindano huvuta maji zaidi ya seli, na jibu la "hakuna saratani" halitoshi kumtuliza mtu. Ina maana pale penye kinundu cha kulenga.

Hatua ya 5: ripoti na ufuatiliaji

Ripoti nzuri ina upande na mahali pa kifuko, ukubwa, namba za kabla na baada ya dawa, unene wa ukuta na idadi ya viambaza, daraja na toleo lake, na sababu iliyokupandisha hadi hapo. "Bosniak III kwa sababu ya kiambaza cha milimita 5 upande wa nyuma" ni sentensi ambayo daktari mwingine anaweza kuikagua. Angalia pia mshipa wa vena ya figo, tezi za limfu, tezi iliyo juu ya figo, na figo ya pili.

Kwa IIF, ratiba inayotumika sana ni kupiga picha baada ya miezi 6, kisha mwaka 1, halafu kila mwaka hadi itimie miaka 5. Kwa III na IV, mazungumzo ni ya timu: kuondoa uvimbe na kuacha figo iliyobaki, au kwa mzee mwenye magonjwa mengine na uvimbe mdogo, kuufuatilia kwa karibu. Hilo la pili si uzembe. Saratani za figo zenye vifuko huelekea kukua polepole na kusambaa kwa nadra kuliko za nyama tupu.

Wakati wa kufuatilia, kifuko kukua peke yake hakukipandishi daraja, kwani hata sisti za kawaida hukua. Tazama ukuta, viambaza, na kitu chochote kipya kinachopokea dawa. Na ulinganishe na picha ya kwanza kabisa, siyo ya mwaka jana tu. Kiambaza kinachoongezeka nusu milimita kwa mwaka hakitaonekana kimebadilika ukikilinganisha na jirani yake wa karibu. Kiweke kando ya picha ya miaka minne iliyopita, na kile kilichokuwa milimita 2 sasa ni 4.